Walisoma, Wakachora, Wakaonyesha

Ndugu msomaji, hebu tuanze na swali. Ukimaliza kusoma kitabu, unafanya nini?

Wengi wetu tunakifunga. Tunakirudisha maktaba, au tunampa jirani, basi. Baada ya miezi miwili mtu akituuliza kitabu kile kilisema nini, tunakuna kichwa. Si kwamba hatukusoma. Tulisoma, lakini hatukujibu. Kitabu kilisema, sisi tukanyamaza.

Leo tunataka kueleza habari za watoto wa shule ambao hawakunyamaza. Walisomewa vitabu vikubwa, wakavijibu kwa rangi na brashi. Majibu yao yakatundikwa ukutani, watu wa nchi nyingi wakaja kuyatazama. Tena watoto hao walikuwa wameshaambiwa kwamba hawawezi kujifunza. Kwa hiyo habari hizi zinatuhusu sana sisi tuliojifunza kusoma ukubwani. Na sisi tuliambiwa hivyo hivyo.

MAONYESHO NI KITU GANI?

Kila mwaka mwezi wa Agosti tunakwenda kwenye maonyesho ya Nane Nane. Tunaona mbegu, ng'ombe wa maziwa, majembe ya kukokotwa na matrekta. Mwenye kitu anasimama upande huu, sisi tunasimama upande ule. Yeye anaonyesha, sisi tunatazama.

Maonyesho ya sanaa nayo kwa kawaida huwa hivyo. Msanii anachora picha nyumbani kwake. Zikikamilika anazitundika katika jumba, watu wanakuja kuangalia. Wanasifu, wengine wananunua, kisha wanakwenda zao.

Lakini yako maonyesho ya namna nyingine. Tuyaite maonyesho ya kushirikiana. Hapa msanii hakai peke yake. Anatoka kwake, anakwenda shuleni au mtaani. Anakaa na wanafunzi. Wanafikiri pamoja, wanachora pamoja, wanachagua pamoja kitu cha kuonyesha. Ukiiuliza picha, "Nani kakuchora?" itakujibu, "Mikono mingi." Ni kama msaragambo wa kijiji. Barabara ikikwisha kutengenezwa, huwezi kusema jembe la nani ndilo lililoitengeneza.

Mfano tutakaoueleza unatoka Marekani, katika jiji la New York.

MTAA ULIOUNGUA

Jiji la New York lina majengo marefu na matajiri wengi. Lakini lina maskini pia. Sehemu moja ya jiji hilo inaitwa South Bronx. Katika miaka ya 1970 sehemu hii ilipata shida kubwa. Viwanda vilihama, kazi zikapotea. Jiji lenyewe lilikuwa limeishiwa fedha, likafunga baadhi ya vituo vya zimamoto. Nyumba zikaanza kuungua, moja baada ya nyingine. Nyingine ziliungua kwa sababu ya ubovu wa nyaya za umeme. Nyingine zilichomwa na wenyewe ili walipwe fedha za bima. Ndiyo, mwenye nyumba anachoma nyumba yake mwenyewe, na wapangaji wamo ndani! Familia nyingi zilihama. Waliobaki waliishi kati ya magofu.

Wakazi wengi wa huko walikuwa Wamarekani weusi na watu waliotoka visiwa vya Puerto Rico na Jamhuri ya Dominika. Wengi waliongea Kihispania nyumbani. Watoto wao walikwenda shule za serikali, wakafundishwa kwa Kiingereza.

Shule moja ya huko iliitwa Shule ya Kati namba 52. Mwalimu mkuu wake alikuwa George Gallego. Katika shule hiyo walikuwapo watoto walioshindwa masomo. Wengine walisoma kwa shida sana. Wengine walikuwa na hasira, au hawakukaa kitini. Walitengwa katika madarasa yao maalumu. Mtoto akitengwa hivyo, anaelewa mara moja kwamba watu wamemkatia tamaa.

Mwaka 1981 mwalimu mkuu huyo alimwita kijana mmoja msanii. Jina lake Tim Rollins. Alikuwa na umri wa miaka 26, na alizaliwa katika mji mdogo wa jimbo la Maine, kaskazini mwa Marekani. Kazi aliyopewa ni hii: atafute njia ya kuunganisha sanaa na kusoma na kuandika, ili watoto wale wapate kujifunza. Rollins alikwenda kama mgeni. Hakuondoka upesi. Kazi aliyoianza hapo aliifanya mpaka alipokufa, Desemba 2017.

Siku ya kwanza aliwaambia watoto kwamba watafanya sanaa, na si sanaa tu, watafanya historia pia. Mtoto aliyezoea kuambiwa "wewe huwezi" akisikia maneno kama hayo, lazima ainue kichwa.

MMOJA ANASOMA, WENGINE WANACHORA

Sasa walifanyaje kazi? Njia yao ilikuwa rahisi, nasi wengi tunaijua bila kujua kwamba tunaijua.

Mmoja alisoma kitabu kwa sauti. Wengine walichora huku wakisikiliza. Waliambiwa wasichore picha ya kupamba hadithi. Wachore kile hadithi inachowakumbusha katika maisha yao.

Je, hapa kwetu hatufanyi hivyo? Jioni mtoto wa shule anamsomea bibi yake barua, na bibi anapukuchua mahindi. Au mmoja anasoma gazeti kijiweni, wengine wanacheza bao. Mikono inafanya kazi, masikio yanasikia. Mtu asiyesoma vizuri haoni haya, kwa sababu hajatakiwa asome mbele za watu. Lakini maneno yanamwingia. Kesho na kesho kutwa anataka mwenyewe kuona yameandikwaje.

Vitabu walivyosoma havikuwa vya watoto wadogo. Rollins alikataa kuwapa vitabu vyepesi. Aliona kwamba kumpa mtu kitabu chepesi kwa sababu ni maskini ni kumdharau. Akawasomea vitabu ambavyo wanafunzi wa chuo kikuu husoma.

Kisha walifanya jambo ambalo litawashtua baadhi yenu. Walichukua kitabu, wakatoa kurasa zake moja moja, wakazibandika kwa mpangilio juu ya kitambaa kikubwa cha kitani mpaka kikajaa. Halafu wakachora juu ya kurasa hizo. Maneno ya kitabu yakaonekana chini ya rangi.

"Kuchana kitabu!" utasema. "Sisi tunakitunza kama yai!" Ni kweli, mwenzangu. Kwanza tuelewe kwa nini walifanya hivyo. Inasimuliwa kwamba ilianza kwa bahati mbaya. Kijana mmoja alichora moja kwa moja juu ya ukurasa wa kitabu cha mwalimu. Mwalimu akakasirika. Lakini alipotazama vizuri akaona jambo jipya. Mwandishi amesema, na mtoto amemjibu papo hapo, juu ya ukurasa ule ule. Mtu mkubwa na mtoto wa South Bronx wamekaa meza moja. Basi wakaendelea hivyo.

Vijana walijipa jina. Walijiita K.O.S. Herufi hizo ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya watoto walionusurika. Si jina la kujionea huruma. Mtu aliyenusurika ni mtu aliye hai.

TARUMBETA ZA DHAHABU

Tutoe mfano wa kazi moja, ili uone jinsi watu wengi wanavyotengeneza kitu kimoja.

Palikuwa na mwandishi mmoja wa Prague aliyeitwa Franz Kafka. Aliishi kati ya mwaka 1883 na 1924. Aliandika riwaya juu ya kijana aliyepelekwa na wazazi wake Marekani, akahangaika huko kutafuta kazi. Riwaya inaitwa Amerika. Ilitolewa mwaka 1927, Kafka akiwa ameshakufa. Tena Kafka mwenyewe hakufika Marekani hata siku moja. Aliiandika kwa kufikiri tu.

Mwishoni mwa riwaya hiyo kijana anaona tangazo. Jumba moja la maigizo linaandika watu kazi, na kila mtu anakaribishwa. Hakuna anayekataliwa. Anapofika anakuta mamia ya wanawake waliovaa kama malaika. Wanapuliza tarumbeta za dhahabu, kila mmoja kwa namna yake. Ni kelele tupu, lakini ni kelele za furaha.

Vijana wa K.O.S. waliposomewa sehemu hiyo waliulizwa hivi: kama wewe ungekuwa tarumbeta ya dhahabu, na sauti yako ni uhuru wako, ungekuwa na umbo gani?

Kila mmoja akachora tarumbeta yake. Mmoja akachora iliyojikunja kama nyoka. Mwingine akachora kama pembe ya mnyama, mwingine kama ua, mwingine kama silaha. Walichora michoro mingi mno. Halafu wakakaa pamoja kuchagua. Huu ulikuwa wakati mgumu kuliko kuchora. Hii inafaa, hii hapana. Kwa nini hapana? Toa sababu. Katika kubishana hivyo kila mtu alilazimika kurudi kwenye kitabu, aeleze kitabu kinasema nini. Hapo ndipo kusoma kulipoingia kabisa.

Mwisho zile zilizochaguliwa zilipakwa rangi ya dhahabu juu ya kurasa za riwaya. Tarumbeta zikafumana kama mizizi ya mkoko. Huwezi kusema ya nani inaishia wapi na ya nani inaanzia wapi. Lakini mwenye yake anaijua.

Walichora kazi kadhaa za namna hiyo katika miaka ya 1980. Moja imo katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York, ambalo ni moja ya majumba makubwa ya sanaa duniani.

JERAHA LAKO LIKO WAPI?

Kitabu kingine kilihusu askari kijana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na mwandishi wake aliitwa Stephen Crane. Mara hii vijana walitakiwa wachore jeraha. Si lazima jeraha la mwili. Wapo waliokuwa na majeraha ya kupoteza ndugu, kuungua kwa nyumba, kuachwa na baba. Kila mmoja akachora lake, duara lenye rangi ya damu na usaha. Yalipopangwa pamoja juu ya kurasa yalionekana kwa mbali kama nyota angani.

Tena walisoma Shamba la Wanyama, kitabu cha George Orwell. Baadhi yenu mnakifahamu, maana Fortunatus Kawegere alikitafsiri kwa Kiswahili, kikatolewa mwaka 1967. Kitabu kinaeleza wanyama waliomfukuza bwana shamba, kisha nguruwe wakajifanya mabwana wapya. Vijana wakachora vichwa vya wakubwa wa siasa wa nchi mbalimbali vikiwa na miili ya wanyama. Huo nao ni usomaji. Wameuliza: katika dunia yetu ya leo, nguruwe ni nani, na punda ni nani?

Na walisoma kitabu cha Ralph Ellison, Mmarekani mweusi, kilichotolewa mwaka 1952. Jina lake kwa Kiswahili tungesema Mtu Asiyeonekana. Ni habari za mtu ambaye haonekani, si kwa uchawi, bali kwa sababu wenzake wanakataa kumwona. Hapo walichora herufi mbili tu, kubwa sana, juu ya kurasa zote: I na M. Ni herufi za mwanzo za jina la kitabu kwa Kiingereza. Lakini zikisomwa pamoja zinasikika kama mtu anayesema kwa Kiingereza, "Mimi ni." Yule asiyeonekana amejitaja.

Sisi tuliopita kwenye kisomo tunazielewa herufi hizo mbili kuliko watu wengi. Tunakumbuka siku tulipoandika majina yetu kwa mara ya kwanza, badala ya kutia dole gumba. Mkono ulitetemeka. Herufi zilikuwa kubwa, zimepinda. Lakini zilisema, "Mimi ni."

WANAFUNZI WANAKUWA WAGENI

Kazi za vijana hawa zilisafiri mbali. Mwaka 1985 zilikuwamo katika maonyesho makubwa ya jumba la Whitney, New York. Mwaka 1987 zilipelekwa Kassel, Ujerumani, na mwaka 1988 Venice, Italia. Huko ndiko wanakoonyesha wasanii wenye majina makubwa. Vijana wenyewe walisafiri pia, wakaona nchi nyingine.

Lakini tusidanganyane, rangi haikumaliza taabu zote. South Bronx iliendelea kuwa mahali pa hatari. Mwaka 1993 mmoja wa vijana wa kikundi, ambaye bado alikuwa mdogo, aliuawa. Wengine waliacha kikundi, wakafuata mambo mengine. Sanaa si dawa ya kila ugonjwa, na anayesema hivyo anauza maneno.

Hata hivyo waliobaki walikua. Hapo ndipo hadithi inapopinduka vizuri. Baada ya muda Rollins na vijana wake wakaanza kualikwa katika shule na majumba ya sanaa ya miji mingine. Wanafika, wanakaa na wanafunzi wa pale kwa muda, wanasoma pamoja, wanatengeneza kazi ya pamoja. Yule mtoto aliyetengwa kwa kushindwa masomo sasa ndiye msanii mgeni. Anasimama mbele ya watoto wengine, anawauliza, "Kitabu hiki kinakukumbusha nini?"

Katika safari hizo walipenda kutumia igizo moja la Shakespeare, yule Mwingereza ambaye Mwalimu Nyerere alitafsiri maigizo yake mawili kwa Kiswahili. Igizo hili ni jingine. Ndani yake limo ua la ajabu. Maji ya ua hilo yakitiwa machoni mwa mtu aliyelala, akiamka atampenda yule atakayemwona kwanza. Basi kila mshiriki alichora ua lake kwenye karatasi nyembamba, kwa rangi za maji na hata kwa maji ya matunda. Maua yalikatwa, yakabandikwa juu ya kurasa za igizo. Ukuta mzima ukawa bustani. Mzazi anayekuja kutazama anatafuta: "La mwanangu liko wapi?" Akiliona anasogea karibu. Akisogea karibu, anaona maneno chini ya ua. Anaanza kusoma.

Unaona werevu wake, ndugu msomaji? Mtu alikuja kutazama ua, akajikuta anasoma Shakespeare.

Rollins alipokufa mwaka 2017 kazi haikuzikwa naye. Wanne waliojiunga wakiwa wadogo, yaani Angel Abreu, Jorge Abreu, Robert Branch na Rick Savinon, waliendelea nayo wakiwa watu wazima.

KAZI NI YA NANI?

Sasa tufike kwenye jambo linaloleta ubishi. Tunalieleza kwa sababu linaweza kutokea mahali popote, hata kijijini.

Kazi hizi ziliuzwa, na nyingine ziliuzwa kwa fedha nyingi. Fedha ziliendesha karakana yao, na vijana nao walipata sehemu. Jina lililoandikwa kwenye kazi lilikuwa la pamoja: Tim Rollins na K.O.S. Lakini watu wakauliza. Kwa nini jina la mwalimu limetajwa zima, na vijana wamekuwa herufi tatu? Nani anachagua kitabu? Nani anaamua kwamba picha imekwisha? Mgeni anasaidia wenyeji, au wenyeji wanamsaidia mgeni kupata sifa?

Wengine walijibu kwamba bila Rollins watoto wale wasingefika popote. Wengine wakajibu kwamba bila watoto wale Rollins asingekuwa na tarumbeta hata moja. Sisi tunaona pande zote mbili zilisema kweli. Ndiyo maana mapatano yanatakiwa mapema, kabla rangi haijafunguliwa. Hata shamba la ushirika likianza bila mapatano, ugomvi huvunwa kabla ya mahindi.

Kwa hiyo msanii mgeni, au mtu wa mradi, akija kwenu kutengeneza kazi ya pamoja, muulizeni mambo haya bila kuona haya:

1. Majina ya nani yataandikwa kwenye kazi?
2. Kazi ikikamilika itabaki wapi? Shuleni, kwenye ofisi ya kijiji, au itachukuliwa?
3. Ikichukuliwa, nani ataruhusu, na itarudi lini?
4. Ikiuzwa, fedha zitagawanywaje?
5. Picha zetu zikipigwa, zitaonyeshwa wapi?

Mgeni mwema hatakasirika. Atafurahi kuona kwamba amefika kwa watu wanaojiheshimu. Na majibu yaandikwe. Kama tumejua kuandika, tuandike.

SISI TUNAWEZAJE?

Wapo watakaosema, "Hayo ni ya New York. Sisi hatuna kitani wala rangi ya dhahabu." Ngojeni kwanza.

Picha na maneno kukaa pamoja si jambo geni kwetu. Tazama kanga. Ina pindo, ina mji, ina jina. Mwanamke hanunui kwa maua yake tu, anasoma jina kwanza. Akiivaa anakuwa amesema jambo, na aliyekusudiwa anaelewa. Kanga ni picha na maneno yanayotembea.

Kisomo nacho kilitumia picha tangu zamani. Mwalimu mashuhuri wa Brazil, Paulo Freire, mwaka 1963 alifundisha wafanyakazi wapatao 300 katika mji wa Angicos. Alianza na picha za maisha yao, wakazijadili, ndipo yakaja maneno. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifika Dar es Salaam akazungumza na watu wa elimu ya watu wazima. Mawazo yake ndiyo yaliyomsaidia Rollins pia. Kwa hiyo watoto wa South Bronx na sisi wa kisomo tumekunywa kisima kimoja.

Kikundi chenu cha kujisomea kinaweza kufanya maonyesho yake madogo. Fanyeni hivi.

Kwanza, chagueni maandishi. Yawe hadithi fupi, habari ya gazeti, au barua ya zamani ambayo mwenyewe amekubali isomwe. Yasiwe mepesi mno. Yawe na jambo la kubishania.

Pili, msichane kitabu cha maktaba! Wale wa New York walitumia vitabu vyao wenyewe. Sisi tunakili kwa mkono. Kila mtu aandike sehemu yake kwenye karatasi, kwa herufi kubwa zinazosomeka. Hapo tumepata zoezi la kuandika bila kulipia.

Tatu, bandikeni karatasi hizo kwa mpangilio juu ya gunia lililofuliwa au shuka kuukuu. Gundi ni unga wa ngano au wa muhogo uliopikwa ukawa uji mzito.

Nne, mmoja asome kwa sauti, polepole, tena na tena. Wengine wachore pembeni. Swali liwe moja tu, na liwaguse. Kama hadithi ni ya njaa, mtu achore siku aliyolala bila kula. Kama ni ya mto, achore mto ulivyokuwa alipokuwa mtoto.

Tano, kaeni mchague. Kila mtu aseme sababu. Asiwepo mkubwa wa kuamua peke yake, hata mwalimu. Hata ambaye mchoro wake haukuchaguliwa, mkono wake uwemo mahali fulani.

Sita, hamisheni michoro juu ya maandishi. Rangi ziko nyingi: mkaa, chokaa, udongo mwekundu, manjano. Msifunike maneno yote. Acheni yasomeke.

Saba, tundikeni mahali watu wanapopita. Shuleni, kwenye ghala la ushirika, au kliniki siku ya kupima watoto. Wekeni karatasi tupu na kalamu kando yake, ili anayetazama aandike jibu lake. Hapo mtazamaji naye ameingia katika kazi.

NENO LA MWISHO

Watu wengi hujifunza kusoma, kisha wanasahau. Si wavivu. Herufi isiyotumika hukauka kama jembe lililoachwa nje likashika kutu. Tunapewa mawaidha: someni, someni. Lakini mtu hawezi kusoma tu siku zote kama anayesikiliza hotuba isiyokwisha. Naye anataka zamu yake ya kusema.

Watoto wa South Bronx walipewa zamu hiyo. Waliambiwa, "Mwandishi huyu mkubwa amesema. Sasa wewe unasemaje?" Kumbe walikuwa na mengi ya kusema, na kwa kutaka kuyasema wakalazimika kusoma vizuri.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukikifunga kitabu jioni hii, usinyamaze. Kijibu. Kijibu kwa kalamu, kwa mkaa ukutani, au kwa kumweleza jirani. Kisha mwite jirani huyo naye ajibu.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini Rollins alikataa kuwapa watoto vitabu vyepesi? Mnakubaliana naye?
2. Wakati wa kuchagua michoro ulikuwa mgumu kuliko kuchora. Eleza kwa nini, na ulisaidiaje kusoma.
3. Kama wewe ungekuwa tarumbeta ya dhahabu, ungekuwa na umbo gani? Ichore.
4. Je, hapa kwenu kuna kazi iliyofanywa na wengi, ikabeba jina la mtu mmoja? Ingefanywaje ili iwe haki?
5. Chagueni maandishi mtakayoanza nayo, na pangeni siku ya kukutana.